Mwongozo kwa Karani Mpya wa Mvinyo, Mgeta

Ukifika ofisini kwetu Nyandira siku yako ya kwanza kazini, usikimbilie kiti. Simama kwanza mlangoni unuse. Pakinukia matunda yaliyoiva na unga unaoumuka, ingia taratibu, kazi inaendelea vizuri. Pakinukia siki, ingia mbio, maana kuna pipa limevuta hewa na hakuna aliyegundua. Karani wa mvinyo hutumia pua kabla ya kalamu. Nilifundishwa hivyo na mama mwenyekiti asubuhi moja ya Januari 2006, nikiwa na miaka kumi na tisa, cheti changu cha kidato cha nne kikiwa ndani ya bahasha ya kaki kwapani. Hakukiomba. Aliniuliza, "Mwanangu, unasikia harufu gani?" Nikasema, "Plamu, mama." Akasogeza kiti. "Basi kaa."

Nilikikalia miaka mitatu. Kikundi chetu cha kutengeneza mvinyo kilikuwa cha akina mama wengi na akina baba wachache. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma karibu na soko, na nyuma yake, mlango mmoja tu katikati, chumba cha mapipa. Wasichana wengine wamekishika kiti kile baada yangu, na wengine watakuja. Hakuna chuo kinachofundisha kazi ile kama ilivyo kule mlimani. Kwa hiyo, mdogo wangu, pokea haya.

Anza na sweta. Ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Iringa, na pale Sangasanga unakata kushoto na kuanza kupanda. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vyetu vya juu vinapita mita 1,500. Utaona kwenye gari abiria wanavaa nguo badala ya kuvua kadiri jua linavyopanda. Tofauti hiyo ya baridi kati ya mlimani na mjini iweke kichwani. Nitairudia, kwa sababu ilitugharimu mvinyo wa miezi miwili.

Jambo la pili ni jibu. Kila mgeni atakayeingia ofisini, akishakaa na kukaribishwa, atauliza: "Zabibu ziko wapi?" Usicheke na usione haya. Mwambie kwamba zabibu ziko Dodoma, ambako mapadri wa Bihawana walipanda mizabibu, na ambako ukame unaowatesa watu ndio unaoupendeza mzabibu, hata ukavunwa mara mbili kwa mwaka. Kwetu mawingu yanalala juu ya mashamba. Ukungu unaanguka alasiri, majani yanashinda mabichi, na mzabibu ukiloa namna hiyo unaota kuvu. Lakini sisi tuna plamu. Tuna pichi, peasi, tufaha, pasheni na stroberi, matunda yanayotaka baridi, na baridi tunayo ya kutosha. Mtu akisema mvinyo wa kweli ni wa zabibu peke yake, mmiminie nusu glasi ya plamu ya mwaka jana, kisha endelea na hesabu zako. Nimeona wengi wakiinua macho baada ya funda la pili.

Kwenye lebo andika "mvinyo". Sokoni sema "waini", ndilo neno la watu. Usimsahihishe mtu anayetaka kununua.

Sasa njoo kwenye mzani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ofisi inapopata sifa au kuipoteza. Mkulima wa Mgeta ameuziana na wachuuzi miaka yote kwa tenga, debe na sado. Anajua vizuri kinachotokea kwenye vipimo hivyo. Gunia la viazi linashonewa kilemba juu, linakuwa lumbesa, na bei inabaki ya gunia moja. Tenga la nyanya linakandamizwa kwa goti. Kwa hiyo mama anapokuletea plamu ofisini, ameshapigwa mara nyingi na vipimo, na anakutazama mikono zaidi ya anavyotazama mshale. Fanya hivi. Pima tenga tupu mbele yake, mwache aone namba, iandike. Pima tenga lenye matunda, mwache aone namba, iandike. Toa hesabu kwa sauti. Kisha mgeuzie daftari aone, hata kama hajui kusoma, maana asiyesoma ana mjukuu, na mjukuu atasoma jioni. Nusu kilo iandike nusu kilo. Karani aliyenitangulia alikuwa akikata nusu kilo zote "ili hesabu ziwe nyepesi", na nilikuta akina mama watano wamehamishia matunda yao kwa wachuuzi kwa sababu hiyo tu. Iliwachukua msimu mzima kurudi.

Yaliyopondeka usiyakatae yote. Plamu iliyopasuka leo inafaa pipa la leo. Iliyoota ukungu haifai chochote, na ukiionea aibu sura ya bibi aliyeibeba ukaipokea, utawaonea aibu wanachama wote pipa litakapoharibika. Itenge pembeni, mwonyeshe, mrudishie. Ataelewa. Yeye mwenyewe haweki tunda bovu kwenye chungu chake.

Daftari la mapokezi liwe na safu ya tarehe, jina, kijiji, aina ya tunda, kilo, na sahihi. Wengi wataandika vizuri. Wazee wachache watakataa kuweka sahihi, na usidhani ni ukaidi. Mwaka 1955, upande wa Matombo, watu wa Uluguru walizusha ghasia kwa kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta kwa lazima, na wazee wa mlima mzima walikua na habari hizo. Babu mmoja wa Langali aliniambia, "Karatasi ilianza kwa kuuliza jina, ikaishia kwa faini." Sikubishana naye. Nilimwandikia kilo zake kwenye kipande cha karatasi, nikampa yeye, na mimi nikabaki na nakala ya kaboni. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeondoka na karatasi, mambo yakageuka: sasa ofisi ndiyo iliyokuwa na deni kwake, na ushahidi alikuwa nao mfukoni. Msimu uliofuata aliweka sahihi bila kuombwa.

Tulikuwa pia na daftari la jamu. Nakuomba ulitunze kama mboni ya jicho. Baadhi ya wanachama wetu walikuwa Waislamu, na mmoja wao, mama mwenye miti mizuri kuliko wote, alikuja siku ya kwanza akaniuliza swali moja: "Plamu zangu zinakwenda wapi?" Nikamwambia tunapika jamu na tunatengeneza mvinyo. Akasema, "Zangu ni za jamu. Naweza kukuamini?" Nilifungua daftari lingine siku ile ile, nikaandika juu yake JAMU kwa herufi kubwa, na matunda yake yakawekwa kwenye ndoo za bluu, wakati ya mvinyo yalikuwa kwenye ndoo nyeupe. Msimu wa Krismasi mvinyo ulihitajika sana, plamu zikapungua, na fundi wa mapipa akaziangalia zile ndoo za bluu. Nikakaa juu ya mfuniko wa moja nikaandika hesabu zangu pale pale mpaka akaondoka. Kile kilikuwa kiapo cha ofisi kwa yule mama, na ofisi ilikuwa mimi.

Utapata waonjaji. Kila ofisi ya mvinyo inao. Kwetu kulikuwa na mjomba mmoja aliyekuja kila siku saa nne asubuhi kuonja "kwa niaba ya wanachama". Ukimfukuza utakuwa umemvunjia heshima mtu mzima. Ukimwachia, pipa litashuka kwa kasi. Mpe kazi. Nilimfungulia ukurasa wake: tarehe, namba ya pipa, ladha, maoni. Kikombe kiwe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Nilidhani baada ya siku tatu ataacha. Alikuja siku zote, akawa makini, akaacha kuja akiwa amekunywa kwingine kwa sababu, kama alivyosema, ulimi uliochoka unadanganya. Yeye ndiye aliyegundua pipa la nne likianza kugeuka siki, siku mbili kabla ya pua ya mama mwenyekiti. Tuliliokoa nusu, na nusu nyingine tukaiacha iwe siki kamili, tukaiuza kwa wapika achari. Ukurasa wake ulikuwa na maneno mazuri kuliko barua zangu zote za ofisi. Pipa la pili aliliandikia: "Tamu mbele, kali nyuma, kama mke wa ujanani." Mkewe alipolisikia alicheka mpaka akakaa chini.

Usiseme mambo ya mapipa hayakuhusu. Karani asiyejua mvinyo unavyofanyika ataandika kila anachoambiwa. Ni hivi: tunda linaoshwa, linapondwa, linatolewa mbegu, linaongezwa maji na sukari, kisha hamira. Hamira ile inakula sukari na kutoa vitu viwili, kilevi na hewa ya kaboni. Hewa inatoka kwa mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa ya maji, ili itoke na hewa ya nje isiingie. Mlio wa mapovu yale ndio saa ya ukutani ya ofisi. Utaizoea mpaka utasikia ikinyamaza. Kumbuka hesabu hii: gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia moja ya kilevi. Ukitaka mvinyo wa asilimia 11, unahitaji karibu gramu 190 kwa kila lita, ukijumlisha iliyomo ndani ya tunda na ile ya dukani. Plamu iliyoongezwa maji haifiki hapo yenyewe. Kwa hiyo sukari ndiyo gharama yako kubwa, na kila kilo uiandike inapoingia na inapotoka. Wageni watakuomba kijiko cha sukari ya chai. Nunua pakiti ndogo ya sukari ya chai kwa fedha za matumizi madogo madogo, uiweke kwenye kopo lake. Sukari ya pipa isiguswe.

Na usilale kwenye chumba cha mapipa, hata baridi ikuume vipi na hata chumba kile kiwe na joto kuliko ofisi. Ile hewa ya kaboni ni nzito, inakaa chini, mahali ambapo kichwa cha mtu aliyelala kitakuwa. Fungua dirisha kabla ya kuingia. Nasema hili bila mzaha wowote.

Machicha yanayobaki baada ya kukamua yana wateja. Wafugaji wa nguruwe walikuwa wakija na ndoo. Waambie wachanganye na majani na pumba, wasimwage yote kwa mara moja. Mmoja hakusikia. Jioni nguruwe wake wawili walilala usingizi ambao jirani aliuita msiba, akaanza hata kutafuta kisu. Asubuhi wakaamka wakidai chakula.

Sasa nifike kwenye ile baridi.

Juni 2007 tulikuwa na pipa la mvinyo wa pasheni. Juni na Julai kule juu ni miezi ya kukaa na kanga mbili mabegani na moto wa kuni. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila siku kipimo cha haidromita, kile kioo chembamba kinachoelea ndani ya mvinyo na kuonyesha utamu uliobaki. Mvinyo uliokwisha kufanya kazi husoma karibu na 1.000 au chini kidogo. Wetu ulisoma 1.020. Kesho yake 1.020. Wiki mbili nzima, 1.020. Mapovu yalikuwa yamenyamaza. Fundi, baba wa rika la baba yangu, akasema mvinyo umetulia, tufunge chupa. Niliitazama ile namba. Nilijua kwamba 1.020 si 1.000, na kwamba kuna sukari nyingi imebaki mle ndani. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu mara kumi na nne. Lakini nilijiona mtoto, na mtoto hamwambii mtu mzima kwamba amekosea. Nikanyamaza. Tukafunga chupa sitini, nikabandika lebo, zikashuka mjini na gari la mboga.

Siku ya tatu simu ikaita. Mwenye duka hakusalimia. Vizibo vilikuwa vimefyatuka usiku, chupa mbili zimepasuka kabisa, na rafu ya chini, yenye unga wa ngano na vitabu vya risiti, ilikuwa imelowa pasheni. Namshukuru Mungu duka lilikuwa limefungwa na hakuna aliyeumia.

Aliyetueleza kilichotokea ni mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine aliyekuwa amepanda kuwaangalia mbuzi. Mgeta ina mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, walioletwa na chuo hicho miaka ya 1980, na ndiyo maana wataalamu hawakosi kupita. Ukimwona mmoja barabarani, mkaribishe ofisini umpe chai, maana anajua mengi zaidi ya mbuzi. Alilisoma daftari langu akatikisa kichwa. Akasema hamira yetu haikufa, ililala kwa baridi. Tuliifungia kwenye chupa ikiwa usingizini na chakula chake kikiwa pembeni. Iliposhuka mita elfu moja na kufika kwenye joto la Morogoro, iliamka, ikaanza kula, na hewa yake ikakosa pa kutokea. Kisha akaniangalia akauliza kwa upole, "Hizi namba uliandika wewe?" Nikasema ndiyo. "Ziko sahihi kabisa," akasema. Neno lile liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Kwa hiyo shika hili kuliko mengine yote ya mwongozo huu. Namba isiyosomwa kwa sauti ni wino tu. Ukiona jambo, sema, na namna ya kumwambia mtu mzima ipo, wala haimvunjii heshima. Mpelekee daftari kwa mikono miwili, mwambie: "Shikamoo baba. Naomba unisomee namba hii, mimi sijaielewa." Ataisoma. Akishaisoma kwa mdomo wake, kazi yako imekwisha. Kosa ataliona mwenyewe na sifa ya kuliona itakuwa yake. Mwachie. Nilifanya hivyo mara nyingi baadaye, na mara zote pipa lilisubiri. Pipa linalolala kwa baridi lisogezwe karibu na ukuta wa jikoni, lizungushiwe magunia, lisubiriwe. Na kabla ya kufunga chupa, chukua mvinyo kidogo, uweke kwenye chupa ya plastiki, ufunge, uache mahali penye joto siku tatu. Chupa ikivimba, usifunge.

Kuhusu fedha nitasema machache, ingawa utahangaika nazo kuliko vyote. Mvinyo unauzwa kwa fedha mkononi au kwa stakabadhi yenye sahihi na muhuri wa mnunuzi. "Nitakulipa kesho" haina safu kwenye daftari. Hoteli moja mjini ilichukua chupa ishirini na nne, ikakaa nazo miezi minne. Nilishuka na nakala yangu ya kaboni, nikasalimia watu wote kuanzia mlinzi, nikakaa mapokezi saa ya chakula cha mchana, wakati wateja ni wengi. Sikupaza sauti. Mtu akiuliza kama nimehudumiwa, nilisema nasubiri malipo ya mvinyo wa Mgeta. Siku ya pili nikarudi. Siku ya tatu bahasha ilikuwa tayari. Enzi zile fedha zilipanda mlima kwa mkono wa dereva, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kuandikwa kiasi kwa ndani, si kwa nje. M-Pesa ilikuja nchini mwaka 2008, mwaka wangu wa mwisho pale, na hata hapo ilibidi upande kwenye jiwe nyuma ya soko ili mtandao ushike. Wewe una bahati. Lakini ujumbe wa simu nao uuandike daftarini siku hiyo hiyo. Simu huibiwa, huzama majini, hubadilishwa.

Vibali viwe na faili lao, la rangi tofauti, na usimwazime mtu. Enzi zetu chakula na vinywaji vilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Tangu 2019 kazi hiyo iko Shirika la Viwango, TBS. Duka la maana mjini litauliza alama ya ubora kabla ya kuuliza bei. Na kwenye lebo usiandike kwamba mvinyo unatibu kitu. Wanachama watakushawishi, watakuletea ushuhuda wa shangazi aliyepona miguu. Msikilize shangazi, mpe pole, andika "mvinyo wa plamu, asilimia 11", basi.

Utaulizwa pia, na watu wa nia njema, kwa nini parokia haitumii mvinyo wetu kwenye misa ilhali mlima umejaa Wakatoliki na fedha zinakwenda mbali. Mzee mmoja alitubebea chupa yetu nzuri hadi kwa padre, akaiweka mezani kama sadaka. Padre aliishika kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaeleza kwamba sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mvinyo wa misa uwe wa asili, uliotokana na mzabibu. Plamu, hata iwe njema namna gani, haiingii kwenye kalisi. Mzee akatoka ameinama. Padre akamwita nyuma. "Lakini kwa chakula cha Jumapili, hakuna kanuni." Akanunua chupa tatu akalipa papo hapo. Ziliandikwa.

Wageni wengi watakuita binti, wataangaza macho nyuma yako na kuuliza bosi yuko wapi. Waandikishe kwenye kitabu cha wageni kabla hujajibu. Mtu aliyeinama kuandika jina lake kwenye kitabu ulichokifungua wewe, kwa kalamu uliyompa wewe, akiinuka huwa amebadilika kidogo. Kisha mwambie, "Karibu, nikusaidie nini?" Karibu kila alichokuja kukitafuta kwa bosi kiko kwenye daftari lako.

Nimalizie na bibi wa Tchenzema. Alishuka msimu wangu wa kwanza, tenga kichwani, miguu peku kwenye tope, mgongo umenyooka kama mlingoti. Nilipima, nikatoa uzito wa tenga, nikapata kilo 38 na nusu. Nikashika kalamu. Nikamuuliza, "Niandike jina la nani, bibi? La babu?" Kabla yangu ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, akina mama wengi waliandikwa kwa majina ya waume au ya watoto wao wa kiume.

Akanitazama muda mrefu. "Wewe ni wa huku huku?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukoo wako umefuata upande wa nani?"

"Wa mama."

"Na shamba?"

"La upande wa mama."

"Sasa mbona unaniuliza kama mgeni? Miti hii ilipandwa na mama yangu, kwenye ardhi ya ukoo wetu. Andika jina langu. Na uniandikie lote."

Niliandika lote, majina matatu. Alipofika mahali pa sahihi aliomba kibao cha wino akabonyeza kidole gumba.

Baada ya miezi miwili, mvinyo ulipouzwa, alikuja mwanawe, mtu mzima mwenye koti, akasema ametumwa achukue fedha. Nilifungua daftari nikamwonyesha. Nikamwambia kwa heshima zote, "Kaka, fedha hizi zina mwenyewe, aje mwenye kidole." Alikasirika, akataja wajumbe na wazee, akaondoka akigonga mlango. Mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Mama mwenyekiti aliposikia hakusema neno, alichukua tu ufunguo wa kasha la fedha, ambao siku zote ulikuwa shingoni mwake, akanikabidhi.

Siku ya soko bibi alishuka mwenyewe. Alizihesabu fedha mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniuliza kama plamu za mwaka ujao tutazipokea tena.

Mdogo wangu, uliyekalia kiti kile sasa: daftari hilo la 2006 lipo bado, kwa mama mweka hazina, ndani ya sanduku la bati. Ukurasa wa saba, mstari wa tatu: majina matatu ya mwanamke, Tchenzema, plamu, kilo 38.5, na alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau.